Rimu iliyovunjika kando ya kiungo

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Wiki hii naomba tuwaache wanasiasa wapumzike kidogo, nasi tupumzike nao, tuzungumze juu ya kitu kinachobeba maisha yetu kila siku barabarani, na ambacho hatukitazami ila siku kinapotutupa. Nataka kuzungumzia rimu ya gari.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kumwona shangazi yangu aliyekuwa mgonjwa. Garini tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, na watoto wawili wa dada yangu waliokuwa wakiimba kiti cha nyuma. Tumekwisha kuipita Chalinze, mara nasikia mlio kama wa bati kupasuka, na usukani unanivuta kwa nguvu kuelekea kushoto. Bahati yetu kushoto kulikuwa na majani na si korongo. Tuliposimama nilishuka, miguu ikitetemeka, nikakuta rimu ya mbele imefunguka kama kopo la maziwa, na tairi limelala chini kama kitambaa. Nikiwa bado nimeinama, lori la mizigo likapita kwa kasi pale pale tulipokuwa sekunde chache kabla. Watoto hawakuimba tena mpaka Morogoro.

Rimu ile haikuwa mpya. Miezi miwili nyuma niliingia shimo la barabarani, ikapata ufa. Nikaipeleka karakana moja, ambayo sitaitaja kwa sababu mtakavyosikia hivi punde, kosa halikuwa la ujanja. Fundi alikuwa kijana mwenye mkono mzuri. Akausafisha ufa, akauchomelea kwa waya wa alumini, akasugua mpaka pakang'aa. Akaniambia, "Mzee, hapa hapavunjiki tena." Nikamlipa, nikamshukuru.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Fundi yule hakunidanganya. Pale alipochomelea hapakuvunjika! Kiungo chake kilikuwa kizima kabisa. Rimu ilivunjika kando ya kiungo, kama upana wa kidole kimoja, mahali ambapo shimo halikupagusa na fundi hakupagusa. Mahali pale palikuwa pazima siku nilipoipeleka karakana, na pakawa ndipo palipotaka kutuua.

Nilirudi na rimu ile Dar es Salaam, nikaipeleka kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu wa chuo cha ufundi. Nikampa shikamoo, nikamwekea rimu mezani. Aliigeuza mara mbili, akavaa miwani, akasema, "Bwana mdogo, metali hii ilikuwa na elimu. Huyu fundi wako ameirudisha darasa la kwanza." Nikacheka, yeye hakucheka. Mazungumzo yaliyofuata yalichukua jioni nzima, na baadaye nilikwenda kusoma mwenyewe. Niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwagawia leo, maana yanahusu rimu, na pistoni, na treni, na hata sufuria iliyoko jikoni kwako.

Tuanze na alumini yenyewe. Sifa yake kubwa ni wepesi: uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma cha ukubwa ule ule. Kasoro yake ni kwamba ikiwa safi ni laini mno. Huwezi kutengeneza gurudumu la alumini tupu, ni sawa na kujenga nyumba kwa nta. Kwa hiyo wenye viwanda huichanganya na vitu vingine, na mchanganyiko huo huitwa aloi. Rimu nyingi za aina hii hutengenezwa kwa aloi ambayo wataalamu huiita A356. Ndani yake mna silikoni kiasi cha asilimia 7 na magnesiamu kidogo sana, chini ya nusu ya asilimia moja. Silikoni huifanya aloi itiririke vizuri ikiyeyushwa, ijaze pembe zote za kalibu. Magnesiamu, ingawa ni haba, ndiyo yenye siri ya nguvu.

Siri hiyo iligunduliwa Ujerumani, karibu na Berlin, mwaka 1906. Mtaalamu mmoja, Alfred Wilm, alikuwa akitafuta aloi ya alumini itakayochukua nafasi ya shaba nyeupe kwenye maganda ya risasi. Alichanganya alumini na shaba kiasi cha asilimia 4 na magnesiamu kidogo, akaipasha moto mkali bila kuiyeyusha, halafu akaizima majini kama wahunzi wanavyozima jembe. Akaipima, akaikuta si ngumu kama alivyotaka. Inasimuliwa kwamba ilikuwa mwisho wa juma, akaiacha akaenda zake. Aliporudi baada ya siku mbili na kuipima tena, metali ile ile, bila kuguswa na mtu, ilikuwa imekuwa ngumu zaidi. Ilikuwa imekomaa yenyewe, kama ndizi iliyovunguliwa. Aloi hiyo ndiyo iliyoitwa duralumini, na ndiyo iliyojenga mifupa ya ndege za mwanzo za metali.

Na kuna kichekesho hapa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuichunguza injini ya ndege ya ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, iliyoruka mwaka 1903. Walikuta alumini ya mwili wa injini ile ilikuwa imekomaa kwa namna hiyo hiyo, kwa sababu tu ya joto la kusubuliwa kwake. Yaani ndugu wale waliruka kwa siri ambayo Wilm alikuwa bado hajaigundua!

Sasa kitu gani hasa hutokea ndani? Mwalimu wangu alinipa mifano miwili, nami nawapa kama nilivyopewa.

Wa kwanza ni wa shira. Mama anayepika visheti anajua kwamba maji ya moto humeza sukari nyingi kuliko maji baridi. Shira ikiachwa ipoe polepole, sukari hujitenga ikaganda vipande vikubwa. Aloi nayo ni hivyo hivyo. Ukiipasha mpaka nyuzijoto 540 hivi kwa saa kadhaa, alumini, ingawa bado ni gumegume haijayeyuka, huimeza magnesiamu yote na sehemu ya silikoni. Ukiizima ghafla majini, vitu hivyo hunaswa ndani, havipati nafasi ya kujitenga. Kisha ukiirudisha kwenye joto dogo, kama nyuzijoto 155 au 160, kwa saa kadhaa tena, vinaanza kujitenga taratibu kwa chembe ndogo ajabu, mamilioni kwa mamilioni, zilizotapakaa kila mahali. Hatua hizi tatu, kupasha, kuzima na kukomaza, ndizo zinazoitwa kutibu metali kwa joto.

Mfano wa pili ni wa zulia. Umewahi kusogeza zulia zito chumbani? Ukilivuta lote kwa pamoja linakushinda. Lakini ukilitengenezea mkunjo upande mmoja, ukausukuma mkunjo ule kwa mguu mpaka upande wa pili, zulia lote limesogea. Metali inapopinda, matabaka yake huteleza kwa namna hiyo: mkunjo mdogo hutembea ndani yake. Sasa mwaga kokoto nyingi chini ya zulia, uone kama mkunjo utatembea. Zile chembe ndogo zilizojitenga ndizo kokoto. Zinakamata mikunjo, na metali inakataa kupinda. Faida yake si ndogo. Aloi moja maarufu, 6061, ikiwa imetibiwa vizuri huhimili mzigo kiasi cha mara 5 kabla ya kuanza kupinda, ukiilinganisha na yenyewe ikiwa imelainishwa. Mchanganyiko ni ule ule, gramu kwa gramu. Kilichobadilika ni mpangilio wa ndani tu.

Hapo ndipo nilipoielewa rimu yangu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na aloi zake chini kidogo ya hapo. Fundi alipochomelea ufa, pale penye ufa paliyeyuka pakajaa waya mpya. Lakini pembeni, upana wa kidole, hapakuyeyuka. Paliungua tu kiasi cha kuharibu. Kokoto ndogo zilizopangwa kiwandani kwa saa nyingi zikaungana zikawa mawe machache makubwa, na mkunjo wa zulia ukapata njia ya kupita katikati yao. Kwa macho hapakuwa na tofauti. Kwa nguvu, hapakuwa tena rimu. Na kumbuka kwamba gari likienda kilomita moja, gurudumu lake huzunguka zaidi ya mara 500. Kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro ni karibu mizunguko laki moja, na kila mzunguko unaukunja na kuukunjua mahali pale palipolegea.

Na ole wetu, si kuchomelea tu. Hata fundi anayepasha rimu kwa moto wa gesi ili ainyooshe kwa nyundo anafanya dhambi hiyo hiyo bila kujua.

Nilimwuliza mwalimu: je, hakuna namna ya kuunganisha au kuimarisha alumini bila kuiyeyusha? Akaniambia ipo, na imebadilisha mambo mengi. Mwaka 1991, katika taasisi ya uchomeleaji iitwayo TWI, karibu na Cambridge huko Uingereza, Wayne Thomas na wenzake walibuni njia ya kuunganisha metali kwa kuikoroga. Chukua kifaa cha chuma kigumu chenye umbo la mche, na kwenye ncha yake kiwe na msumari mfupi, mnene, wa milimita chache. Kizungushe mara mamia, hata zaidi ya elfu, kwa dakika. Kibonyeze juu ya alumini mpaka msumari uzame na bega la kifaa liguse uso. Msuguano utaipasha alumini mpaka nyuzijoto 400 au 500. Haiyeyuki, bali inalainika kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Sasa kiendeshe kifaa mbele polepole. Msumari unakoroga, bega linakandamiza, na nyuma yake metali inajifunga upya. Aliyewahi kusonga ugali na mwiko ataielewa njia hii upesi kuliko mhandisi.

Njia hiyo imeunganisha mabehewa ya treni za Japani, vyombo vya baharini, na lile tangi kubwa la nje la vyombo vya anga vya Marekani vilivyostaafishwa mwaka 2011. Mwaka 2012 hata kompyuta za iMac za kampuni ya Apple ziliunganishwa hivyo.

Lakini si lazima uwe na vipande viwili vya kuunganisha. Ilipofika mwaka 2000, Rajiv Mishra na wenzake huko Marekani walikuwa wameonyesha kwamba unaweza kukikoroga kipande kimoja, uso wake tu, kwa nia ya kukifanya bora zaidi. Na hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Aloi iliyosubuliwa kwenye kalibu, kama ile ya rimu, ina maradhi matatu ambayo macho hayayaoni. La kwanza, silikoni yake imekaa kwa vipande virefu vyenye ncha, kama vigae ndani ya udongo, na ufa hupenda kuanzia kwenye ncha. La pili, ina vishimo vya gesi na vya kusinyaa, kama ndani ya kitumbua. La tatu, punje zake ni kubwa na hazilingani. Ukiikoroga, vigae vya silikoni vinavunjwavunjwa kuwa vipande vya mviringo vya sehemu chache za elfu za milimita. Vishimo vinakandwa vikafumbika. Punje zinazaliwa upya zikiwa ndogo, nazo za sehemu chache za elfu za milimita. Mwaka 2004 Mishra na wenzake walichapisha matokeo ya kuikoroga aloi hii hii ya A356: mzigo inaoweza kuuvumilia bila kuchoka, yaani ule wa kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, ulipanda kwa zaidi ya asilimia 80. Hebu ufikirie mzunguko wa gurudumu, utaona ukubwa wa jambo hili.

Mtu atauliza, uso tu unatosha? Mara nyingi unatosha, kwa sababu uchovu wa metali huanzia usoni. Nyufa nyingi huzaliwa juu, ndipo zikashuka ndani. Na kulika kwa kusuguana ni shida ya uso peke yake. Ndiyo maana watafiti wamejaribu hata kuchanganya unga mgumu katika uso ule wakati wa kukoroga, kwa mfano kabidi ya silikoni, ambayo mnaijua kwenye msasa na mawe ya kunolea. Mwaka 2003 walionyesha kwamba uso wa aloi moja ya alumini ulipochanganywa hivyo ulifikia ugumu wa karibu mara mbili. Ndani kipande kinabaki chepesi na kivumilivu. Nje kinavaa ngozi ngumu.

Basi, mtasema, tumepata dawa! Tukoroge tu. Subirini.

Joto la kukoroga, nimesema, linafika nyuzijoto 400 au 500. Kwa aloi iliyokwisha kutibiwa, joto hilo ni moto ule ule wa fundi wangu, ingawa umepungua ukali. Kokoto zinayeyuka au zinakua zikawa mawe. Kwa hiyo ukiichukua aloi ngumu kama 6061 iliyotibiwa kiwandani ukaikoroga, unaweza kupata punje ndogo za kupendeza na bado ukawa na uso laini kuliko ulioanza nao. Umejenga kwa mkono wa kulia, umebomoa kwa wa kushoto.

Na kutibu kwa joto peke yake nako hakutoshi. Saa nyingi za nyuzijoto 540 huzilainisha kidogo ncha za silikoni, lakini hazivunji vigae, wala hazifumbi shimo hata moja. Zaidi ya hapo, penye vishimo vyenye gesi iliyobanwa, joto huweza kuifurisha gesi ile mpaka uso ukatoka malengelenge.

Jibu, basi, ni kufuata utaratibu. Kwanza koroga, halafu tibu kwa joto. Kukoroga kunavunja vigae na kufumba mashimo, kazi ambayo joto haliiwezi. Kisha kupasha, kuzima na kukomaza kunazirudisha kokoto ndogo, kazi ambayo mwiko hauiwezi. Ukigeuza utaratibu, ukatibu kwanza ndipo ukakoroga, umetupa gharama ya tiba. Waswahili walisema haraka haraka haina baraka. Huku kwenye metali, hata polepole haina baraka kama hatua zimepinduliwa.

Hata huo utaratibu ulio sahihi una mtego wake, na sitaki kuwaficha. Punje zile ndogo zilizozaliwa kwa kukoroga hazitulii zikipashwa tena moto mkali. Katika nyuzijoto zaidi ya 500, baadhi yake huweza kukua kupita kiasi, zikawameza jirani zao, mpaka sehemu ya faida ikapotea. Kuzima majini nako kunaweza kukipinda kipande. Kwa hiyo wataalamu hupima: mara nyingine hufanya tiba yote, mara nyingine hukomaza tu kwa joto dogo baada ya kukoroga, ili kokoto zipatikane bila kuziamsha punje. Hakuna kipimo kimoja kwa kila aloi. Na mashine yenyewe lazima iwe nzito na imara, maana kifaa hubonyezwa kwa nguvu kubwa. Kikitolewa mwishoni huacha tundu, na pembe zilizojikunja huwa taabu kuzifikia. Kwa sababu hizo kuunganisha kwa kukoroga kumeenea viwandani, lakini kukoroga kwa ajili ya kuboresha uso peke yake bado ni kazi ya maabara zaidi kuliko ya karakana.

Sasa turudi kwetu. Kwa nini mtu wa Kariakoo au wa Kamukunji ajali habari hizi?

Kwa sababu sisi ni watu wa alumini, tupende tusipende. Katika karakana za Dar es Salaam na za juakali Nairobi, pistoni zilizochoka, rimu zilizovunjika na makopo huyeyushwa kila siku yakatoka sufuria na vipuri. Ni kazi ya heshima. Kuyeyusha alumini chakavu hutumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuipata mpya kutoka ardhini. Lakini chakavu huja na takataka zake, hasa chuma. Chuma kikiingia ndani ya alumini yenye silikoni hutengeneza vipande vyembamba vyenye makali, vibaya kuliko vigae nilivyovitaja, na ukishakiingiza ni vigumu kukitoa. Kukoroga ni mojawapo ya njia zinazoweza kuvivunja vipande hivyo bila kulazimika kuisafisha metali yote. Ndiyo maana naona teknolojia hii ina maana kwa nchi inayoishi kwa chakavu, labda kuliko kwa nchi inayochimba mpya. Vyuo vyetu vya ufundi vina mashine nzito za kuchonga vyuma, na majaribio ya namna hii yamefanywa kwingi duniani kwa mashine kama hizo zilizorekebishwa.

Lakini kama mtaniuliza tuanze na kipi kesho asubuhi, sitasema mashine ya kukoroga. Nitasema kipimajoto. Tatizo la fundi wangu halikuwa mkono, wala moyo, wala waya. Hakuwa na habari kwamba rimu ile imebeba historia ya joto: saa hizi kwenye nyuzijoto hizi, kisha maji, kisha saa hizi kwenye nyuzijoto hizi. Historia hiyo haikuandikwa popote juu yake. Yeye akaleta moto mwingine juu ya moto wa kwanza, na moto wa pili ukaufuta wa kwanza. Tunawafundisha vijana wetu kuunganisha, na wanaunganisha vizuri. Hatuwafundishi kuuliza kitu hiki kilikwisha kupikwa vipi kabla hakijafika mikononi mwao.

Nilimrudia yule kijana wiki mbili baadaye, nikiwa na kipande cha rimu mfukoni. Sikwenda kugombana. Nilimwonyesha kiungo chake kizima, nikamwonyesha na mahali palipovunjika. Akakaa kimya muda mrefu, akikipapasa. Kisha akaniuliza, "Mzee, kwa hiyo zile nyingine nilizochomelea?"

Sikuwa na jibu la kumpa, ndugu wasikilizaji, na swali hilo sikulisahau. Ziko nyingi barabarani. Labda moja iko chini ya gari lako, au chini ya daladala utakayopanda kesho. Kwa hiyo nawaomba mambo mawili tu. Rimu ya alumini iliyopasuka usiichomelee, na iliyopinda usikubali ipashwe moto ili inyooshwe: inunuliwe nyingine, na ile ya zamani iende kuyeyushwa, huko itapata maisha mengine. Na ukinunua rimu iliyotumika, ipapase ndani kwa vidole, utafute mahali palipong'arishwa kuliko kwingine. Hapo penye mng'aro ndipo pa kuuliza maswali.

Yule kijana sasa ameandika kwa chaki ukutani mwa karakana yake: "Rimu hatuchomelei." Anasema amepoteza wateja kadhaa. Nilimwambia wale aliowapoteza hivyo, angalau wako hai.

Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Safari njema.